Mrudisheni Mke wa Kimondo

Jumatatu, 3 Machi

Trela imetoka. Sikuambiwa na mtu, nimeambiwa na macho ya watu. Kabla ya chakula cha mchana tumepokea wateja watatu katika duka letu la miwani wanaolalamika kwamba wanaona giza. Wa kwanza Daktari alimkalisha, akampima — macho mazima. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ndiye aliyetoboa siri: ameitazama trela ya Kimondo mpya kwenye simu tangu alfajiri na hajaona kitu, kwa hiyo ama macho yake yameharibika ama dunia imeharibika.

Nilimwambia ni dunia, na lenzi ya dunia hatuuzi.

Basi mtaani hakuna jingine. Kimondo wetu wa zamani alivaa manjano na kijani, alipaa huku anacheka, alimzaba Profesa Zebaki kofi huku anamtania. Filamu nne, zote zinang'aa kama duka la peremende. Wenye filamu wameamua kuanza upya. Huyu mpya kavaa nyeusi kuanzia kisigino hadi utosi, ananyeshewa, hasemi. Katika trela nzima ametamka neno moja: "Hapana." Kisha radi.

Mwalimu wa hesabu, ambaye ni mwenyekiti wa mashabiki kwa kujichagua mwenyewe, ametangaza maombolezo. Picha yake ya wasapu sasa ni mshumaa. Mtu mzima, ana wajukuu.

Jioni Mkalimani wangu kaja, kala, kaitazama trela, kaiweka simu kifudifudi mezani. Nikamuuliza anaonaje. Akagusa koo kwa kidole. Maana yake: natunza sauti, usinisemeshe. Kidole hicho nimeolewa nacho.

Na mimi? Nimefurahi. Naandika humu kwa sababu nikisema nje nitapigwa mawe. Giza hoyee!

Jumanne, 4 Machi

Niandike vizuri sababu, nikija kusoma uzeeni nisijione mchawi.

Mume wangu ndiye sauti ya Kimondo. Filamu zinakuja kwa lugha ya wenyewe. Yeye anakaa nyuma kabisa ya ukumbi wa dada yake, kwenye kiti cha plastiki, na maiki, anaisema upya kwa Kiswahili papo hapo, kila mhusika na sauti yake. Zebaki anakwaruza. Polisi wanabweka. Zamani ilikuwapo na maiki ya pili, ya sauti za wanawake, na aliyeishika ni mimi, enzi za uchumba. Waya wake ulikuwa mfupi, ikabidi tukae tumebanana. Hatukulalamika. Nilipoanza kazi ya miwani nikaacha, na maiki ikawekwa kwenye droo.

Sasa sikiliza. Kimondo hana mke! Nilikuwa nimekaa pale pale, niliona kwa macho yangu: anaishi peke yake juu ya mnara, na paka. Mke kapewa na Mkalimani. Ilikuwa mahali ambapo Kimondo anapaa tu na muziki unapiga, na Mkalimani hapendi kukaa kimya kazini. Akasema, "Nipisheni, nimechelewa, mke wangu kafunga mlango kwa komeo." Watu wakavunjika mbavu. Ndoa ikafungwa hapo, bila mahari.

Na mke huyo ni mimi. Tukigombana juu ya bomba la jikoni Alhamisi, Jumamosi Kimondo analijadili bomba akiwa amening'inia kwenye helikopta. Nikikoroma, Zebaki anasema bomu lake jipya lina mlio wa mke wa Kimondo akilala. Nikinunua gauni na halinitoshi, dunia nzima inaokolewa huku gauni langu linatajwa. Watu wanalia kwa kicheko, wanatoka wanafuta machozi, kisha Mkalimani anarudi nyumbani na kidole shingoni. Anawatafsiria watu mabara yote. Mimi ananitafsiria "mmh."

Ajuaye ni Wifi peke yake. Mashabiki wao wanamsifu kwamba ni mkalimani mwaminifu, haongezi hata nukta. Mwalimu huwa ananisalimia, "Shemeji, mumeo hatii chumvi."

Ndiyo maana nafurahi. Kimondo mpya hasemi. Yuko peke yake gizani, na paka hana. Pa kunipachika hapapo. Lala salama, mama wa komeo.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha dharura jana ukumbini. Wifi kaja kunisimulia, kakaa jikoni mpaka chai yangu ikaisha.

Wamegawanyika pande mbili. Wa Manjano wako na Mwalimu: shujaa ni wa kuchekesha, giza tunalo la kutosha majumbani umeme ukikatika. Wa Giza wako na Kinyozi: shujaa lazima aumie, tumekua, mambo ya kucheka cheka ni ya watoto. Kinyozi kathibitisha msimamo wake kwa kupaka kuta za kinyozini rangi nyeusi. Sasa wateja hawajioni kwenye kioo, na kwa ninavyoujua mkono wake, ni heri.

Kisha akasimama Ughaibuni. Huyu ni kijana aliyesoma nje, na hamalizi sentensi mbili bila kutukumbusha. Akasema jamani, tunagombania kitu ambacho hakipo. Yeye kaziona zote nne kwenye sinema ya kweli, kwa lugha ya wenyewe. Utani ule hauko. Mke hayuko. Hajawahi kuwako.

Wifi anasema watu walitazamana kwanza. Mwalimu akamuuliza kwa upole, ulikaa mwanzo hadi mwisho? Akajibu ndiyo. Hukwenda msalani? Akasema, labda mara moja. Mwalimu akawageukia wajumbe kama mtu aliyemaliza kukokotoa: ndipo hapo.

Lakini filamu ni nne, kasema Ughaibuni. Basi wamekata, kasema Kinyozi. Huko nje wanapelekewa zilizokatwa. Sisi tuna nzima. Wa Manjano na Wa Giza wakakubaliana kwa mara ya kwanza, wakamhurumia kijana, wakamnunulia soda.

Nikamuuliza Wifi, na kaka yako je? Kasema alikuwa chini ya meza anaunga waya wa spika, na hakutoka mpaka kikao kilipokwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari kaniita ofisini, kafunga mlango. Nikadhani nimesaga lenzi ya mtu vibaya.

Anafungua duka la pili. Mji mwingine, ule wa mwisho wa reli, ukiondoka asubuhi unafika magharibi. Anataka niende nikalisimamie. Mashine ya kusagia mpya, funguo zangu mwenyewe, na msaidizi nitakayemchagua mimi. Kasema hana mwingine anayemwamini na macho ya watu. Anataka jibu kabla ya Jumatatu ya tarehe ishirini na nne.

Msimamizi! Nimetembea hadi nyumbani nikilisema neno lenyewe kimya kimya. Sijawahi kuitwa kitu ambacho si cha mtu mwingine. Mtaani ni mke wa Mkalimani, dukani ni yule wa Daktari, ukumbini ni mama wa komeo. Nataka kazi hii. Naandika wazi: naitaka. Na mume wangu namtaka pia, ajabu yake. Laiti ningekuwa namtaka kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia asubuhi, koo likiwa limepumzika. Nimemweleza yote — mji, duka, tarehe. Kwamba anaweza kuja nami, kumbi ziko kila mji. Kwamba anaweza kusema nibaki, tukazungumza. Kwamba anaweza kusema nenda.

Akasema, "Mmh."

Nikasubiri. Akaongeza chumvi kwenye yai.

Jumanne, 11 Machi

Bado.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Sawa, nimewaelewa. Lakini anayekutaka, naye hakwambii baki? Hapo wahenga wamenyamaza. Labda nao walikuwa wanatunza koo.

Leo kanisafishia viatu bila kuombwa. Nimevitazama viatu kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Viatu safi vina maana gani? Vya kubaki au vya kusafiria?

Jumatatu, 17 Machi

Mwandiko nisamehe leo.

Filamu yenyewe imefika — jinsi Wifi alivyoipata siulizi — na imeonyeshwa Jumamosi. Sikwenda. Huwa siendi, sina sababu ya kwenda kukaa benchi moja na watu wanaocheka gauni langu. Jana Mkalimani kashinda kitandani anakunywa maji ya moto.

Leo kaja Mwalimu kupima macho. Kidevu juu ya mashine, paji la uso limegusa utepe, haruhusiwi kusogea. Na hapo ndipo alipoamua kuhadithia.

"Shemeji, nilikwenda kuchukia," kasema, meno yamebanwa. "Giza tupu, unasikia mvua tu. Nikasema tumekwisha. Kumbe sababu ipo. Mkewe kaondoka."

"Mke wa nani?"

"Wa Kimondo, nani mwingine? Kapata kazi mji wa mbali. Tena si kibarua, usimamizi. Kamwambia asubuhi, mwenyewe anakula yai, na yeye kashindwa kusema chochote. Chochote, shemeji. Ndiyo maana yuko kwenye mvua. Ndiyo maana kavaa nyeusi."

Nikamwambia asisogeze kidevu. Nilikuwa nimeandika kipimo cha jicho la kulia mahali pa kushoto.

"Akatia chumvi," kasema Mwalimu, na sauti yake ikakatika. "Yai lenyewe lilikuwa na chumvi tayari. Akatia nyingine. Ukumbi mzima tulilia. Kinyozi alitoka nje."

"Hilo yai mliliona?"

"Giza lile uone yai? Tulilihisi."

Kisha kaniuliza, mimi kama mwanamke, naona mke huyo atarudi? Nimemwambia atoe kidevu, tumemaliza. Nikaenda chumba cha mashine, nikaiwasha bila lenzi, nikasimama hapo kwenye kelele.

Hasira ninayo, hilo lisiwe na shaka. Habari ya ndoa yangu nimeipata kwa mtu aliyebanwa kichwa kwenye chuma. Wamesikia ukumbi mzima, kasikia Kinyozi, kasikia na yule muuza karanga anayeingia bure. Mimi sikusikia.

Lakini kumbe alijua lilikuwa na chumvi.

Jumanne, 18 Machi

Nimemkabili. Nilisubiri amalize kula ili asipate pa kutia chumvi. Nikasema, Kimondo umemwambia, Zebaki umemwambia, mimi je?

Kidole kikaanza kupanda shingoni. Nikakishika. Nikakirudisha mezani kama mtu anayemrudisha mtoto kitandani.

Basi akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeisahau — ndogo, ina mchanga kidogo: "Kule ni kazini."

Na hapa ni wapi? nikamuuliza.

Akatazama kuta, meza, bomba la jikoni linalodondoka. Kwa kweli alionekana anatafuta jibu. Nilimwona. Kama ningemwekea skrini pale ukutani, na mtu yeyote juu yake, hata paka, angepata la kusema. Hakupata. Nalala nimegeukia ukuta, na nitajizuia nisikorome, asije akapata na cha Jumamosi.

Alhamisi, 20 Machi

Wamechapisha fulana. Za manjano, maandishi meusi kifuani: MRUDISHENI MKE WAKE. Nimekutana nazo kumi na ngapi sijui kati ya nyumbani na dukani. Mmoja kaja kuchukua miwani, nikamvalisha mwenyewe, nikamshikia kioo. Akajitazama na fulana yake, akaniuliza nimeipenda?

Rangi hawagombanii tena. Giza, manjano, yote yamesahauliwa. Kundi la wasapu linaungua kwa swali moja: Kimondo afanye nini na mkewe. Hawajui kwamba wanagombania sahani zangu.

Kinyozi anasema kazi ni kazi, mji utalindwa na nani, mwanamke akitaka kwenda aende, atarudi akichoka. Aliyeachwa na wake wawili ndiye anayetoa nasaha. Mwalimu anasema ni suala la hesabu tu: mtu anayepaa! Treni inaondoka asubuhi inafika magharibi, yeye ni kufumba na kufumbua. Anashindwaje kulala kwa mkewe na kurudi asubuhi kuokoa mji? Wamebishana mwendo wa kupaa mpaka Mwalimu akatuma grafu.

Ughaibuni kaandika tena kwamba mke hayupo. Wamempelekea fulana nyumbani.

Ni yule mama wa duka la vocha aliyeandika mstari mmoja tu. Kauliza, kuna mtu amemuuliza huyo mwanamke kama anataka kurudishwa? Hakuna aliyemjibu. Nilitaka kumjibu mimi. Vidole vilikuwa tayari. Nikajitia hamnazo, nikatuma alama ya dole gumba kama wapumbavu wengine.

Daktari kakumbusha: Jumatatu.

Jumamosi, 22 Machi

Wifi kapita. Anasema ukumbi haujawahi kujaa hivi na kaka yake hajawahi kuharibika hivi.

Kila onyesho anasema tofauti. Mchana Kimondo kasema mke ana haki, mtu asifungiwe komeo. Jioni kasema mke ni mkaidi, hata gauni akiambiwa dogo analinunua. Watu wanaingia mara mbili wapate zote mbili. Wamejua kwamba filamu hii imetengenezwa ikiwa na miisho mingi, ndiyo mtindo wa siku hizi. Mwalimu anaweka kumbukumbu.

Lakini kipo kipande kimoja, kasema Wifi, ambacho kila mara anakiacha. Ni cha mwisho. Kimondo kakaa ukingoni juu ya paa, katupa mgongo, mvua tu. Hapo kaka yake anaiweka maiki mapajani, anatazama chini. Mashabiki wanamsifu: mnaona? Hapo hakuna maneno, na yeye haongezi.

Wifi akanitazama kama anayenipima macho yeye. Akasema goti linamsumbua, kesho nimkalie mlangoni nikate tiketi. Onyesho la mchana tu, basi.

Nikasema ukumbini mimi siendi. Akasema mlangoni si ukumbini.

Jumapili, 23 Machi

Nimekuja. Niko nje, kwenye meza ya tiketi, na daftari hili, maana tangu waingie sina kazi.

Goti la Wifi nimelikuta juu ya benchi, limesimama kwa ncha za vidole, linafunga kitambaa cha skrini. Nikamwambia naona limepona. Akasema linauma likiwa mlangoni tu. Huyu mwanamke na kaka yake walizaliwa tumbo moja kweli? Maneno yote alichukua yeye.

Wamepita mbele yangu mmoja mmoja, manjano matupu, MRUDISHENI, MRUDISHENI, nimewakatia tiketi. Mwalimu kanipa mkono: "Shemeji, leo ndiyo leo." Kinyozi naye kavaa, juu ya shati jeusi, ili asionekane kabadilika. Mama wa vocha kavaa gauni lake tu. Tumesalimiana vizuri. Mkalimani kapita mwisho, na thermosi yake, kaniona, kasimama. Kidole kikaanza kupanda. Kikaishia kifuani, kwenye kifungo cha shati, kikakizungusha. Akaingia.

Daktari katuma ujumbe: Naagiza funguo kesho asubuhi, niandike jina lako? Nimeshaandika Ndiyo. Sijatuma. Simu iko hapa kando ya daftari.

Inasikika vizuri kuliko nilivyodhani. Ukuta ni wa mbao. Ni mara yangu ya kwanza kumsikia kazini tangu niache ile maiki, na niseme ukweli, maana hapa hanisikii mtu: ni hodari. Zebaki anakwaruza mpaka unataka kumpa maji. Kimondo mpya kampa sauti nzito, ya mtu aliyelala na soksi zimelowa. Leo hajatia utani hata mmoja. Gauni halijatajwa. Bomba halijatajwa. Nilikuwa nimekaza mabega kungoja kupigwa, sasa nimeyalegeza na sijui niyafanye nini.

Radi. Wameshangilia. Zebaki kafa au kakimbia, sikuelewa, hata wao nadhani hawakuona.

Sasa ni mvua tu. Ndicho kipande chenyewe. Baada ya hapa Wifi kaniambia ni majina ya waliotengeneza filamu, kisha taa.

Mvua.

Kiti cha plastiki kimelia. Nakijua kile kiti. Na spika haijazimwa, maana naisikia pumzi. Maiki hakuiweka mapajani.

Kasema, "Yai lilikuwa na chumvi."

Si sauti ya Kimondo. Ni ile nyingine, ndogo, yenye mchanga. Hakuna aliyecheka. Naandika jinsi inavyokuja.

Kasema, nilijua lina chumvi, nikatia tena, kwa sababu mkono ulikuwa na la kufanya na mdomo haukuwa nalo. Kasema, mimi nikiwekewa mtu mbele naweza kumsemea mpaka asubuhi. Nikiwekwa mwenyewe nakuta hakuna filamu.

Mtu kapenga kamasi. Mwalimu, lazima.

Kasema kazi ile ni nzuri. Kasema sitaki uende. Kasema yote mawili ni kweli kwa pamoja, na mimi sikujua kama mtu anaruhusiwa kusema mawili, ndiyo maana nilikuwa nasema moja mchana na moja jioni.

Nimeinuka, nimekaa tena.

Kasema, "Mke wangu. Kama uko hapo. Nimekusemea miaka mingi. Leo sema mwenyewe unataka nini."

Basi. Hasemi tena. Mvua peke yake. Machozi yananitoka, na nina hasira kwamba yananitoka kwenye meza ya tiketi.

Sasa wameanza. Sauti ya kwanza ni ya mama wa vocha: mjibu, mwenzetu! Halafu Mwalimu. Halafu benchi lote. Mjibu! Mjibu! Nimechungulia kwenye ufa wa mbao. Wamesimama, fulana zote zimenipa mgongo, wanaitazama skrini. Wanangoja mwanamke atokee kwenye lile giza. Kinyozi kapanda juu ya benchi amwone vizuri. Ughaibuni mwenyewe kakodoa macho.

Mmoja tu hatazami skrini. Yuko kwenye kiti cha plastiki, anatazama mlango.

Wifi katoka. Ana ile maiki ya pili, anaifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake. Hajasema neno, na hilo halijawahi kutokea. Kaivuta kuja kwangu mpaka waya umekakamaa, kafika kizingitini, kakwama. Kaninyooshea mkono wote. Haufiki mezani. Waya ni ule ule.

Ndiyo yangu bado inawaka kwenye simu, haijaenda. Majina yataanza sasa hivi. Na nikitaka kujibu, lazima niingie ndani.